Sufuria ni Moja, Matumbo si Mamoja



Alhamdulillahi, Mola ametukutanisha tena siku ya Ijumaa hapa Nassa. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na maswahaba zake. Wazee wangu wa safu ya mbele, mama zetu mlio nyuma ya pazia, vijana mliopanda kutoka mwaloni na mliotoka kwenye majaruba ya mpunga, nisikilizeni kidogo kabla swala haijakimiwa.

Mnamjua Muadh bin Jabal, Mungu amridhie. Alikuwa akiswali Isha pamoja na Mtume, kisha anarudi kwa watu wa mtaa wake kuwaswalisha. Usiku mmoja akafungua kwa Suratul Baqara. Nyuma yake alikuwepo bwana mmoja aliyeshinda kutwa na ngamia wa kutekea maji, amechoka hoi. Akaona hii leo itafika usiku wa manane, akajitoa safuni, akaswali peke yake, akaenda zake. Muadh alipoambiwa, akamwita mnafiki. Shauri likafika kwa Mtume, na aliyekemewa ni Muadh. Mtume alimuuliza mara tatu kama anataka kuwatia watu fitinani, akamwelekeza asome sura kama Washamsi na Sabbihisma, kwa kuwa nyuma ya imamu wamo wazee, wamo dhaifu, wamo wenye shida zao.

Kanuni hiyo tunaijua sote. Imamu hapimi swala kwa nguvu za miguu yake, anaipima kwa magoti ya yule mzee aliyeegemea nguzo. Ninachowaomba leo ni tuitoe kanuni hii nje ya mlango wa msikiti tuipeleke jikoni, kwenye masufuria ya arusi, ya hitima na ya Iddi. Anayewapikia watu naye amesimama mbele ya watu. Nyuma ya mkono wake kuna kichanga aliyebebwa mgongoni, kuna bibi mwenye miaka themanini, kuna mtoto wa selimundu, kuna kijana aliyeamka na malaria. Akipima usafi wa chakula kwa uimara wa tumbo lake mwenyewe, amefanya lile lile alilokemewa Muadh, na safari hii watu hawawezi kujitoa safuni, maana hawajui kilichomo kwenye sahani.

Tumesikia mara nyingi mtu akisema, mimi tangu utotoni nakunywa maji ya ziwa hivi hivi na sijawahi kuumwa tumbo. Huyo nataka kumwonyesha anachobeba ndani yake, amshukuru Mola kwa kujua, kisha aone kwa nini ushahidi wake hauwafai wengine. Mwenyezi Mungu katika Suratudh Dhariyat ametuelekeza tuzitazame ishara zilizo ndani ya nafsi zetu. Tuzitazame basi.

Tonge likishuka, la kwanza linalokutana nalo ni tindikali ya tumbo. Ni kali kiasi kwamba sehemu kubwa ya bakteria uliowameza hufia hapo hapo. Wanaopona wanaingia utumbo mwembamba, wanakuta nyongo, na wanakuta ute mzito ulioupaka ukuta wote. Ndani ya ute huo mwili umetia protini ndogo ndogo zinazotoboa ngozi ya bakteria mpaka anapasuka. Na ukuta wenyewe, ndugu zangu, huo unaotenganisha chakula na damu yenu, una unene wa seli moja tu. Moja! Lakini Mola ameujaalia kujijenga upya: kila baada ya siku tatu hadi tano karibu seli zake zote zimekwisha kung'oka na kushikwa nafasi na mpya. Bakteria aliyefanikiwa kung'ang'ania pale anang'olewa pamoja na seli aliyoishika.

Halafu kuna wakazi. Utumbo mkubwa umejaa bakteria wema, mabilioni kwa mabilioni, wanaotusaidia kusaga nyuzinyuzi za mlenda na michembe. Kwa kukaa kwao tu wanawanyima wageni nafasi na chakula, na asidi wanazozitoa zinawafanya wageni washindwe kuzaana. Mwaka 1954 watafiti wa Marekani waliwapa panya antibayotiki ya streptomaisini, kisha wakawalisha salmonela. Panya wenye wakazi wao kamili walihitaji kulishwa bakteria karibu laki moja ndipo waugue. Waliouliwa wakazi wao waliugua kwa bakteria wa kuhesabika kwa vidole. Kwa hiyo, kijana wangu unayekwenda duka la dawa kununua vidonge viwili vya antibayotiki kila tumbo likinguruma, hesabu unayoifanya ni mbaya. Umewafukuza waliokuwa wanakulinda, umeacha mlango wazi, na dozi yenyewe hukuimaliza.

Ukutani pia kuna vituo vya doria. Mwaka 1677 tabibu wa Uswisi, Johann Conrad Peyer, alivieleza vibaka vidogo vilivyotapakaa kwenye utumbo mwembamba, vikaitwa kwa jina lake. Leo tunajua vinafanya kazi gani. Juu ya vibaka hivyo kuna seli za pekee zinazochota sampuli ya kinachopita na kuikabidhi kwa askari walio chini: huyu ni nani, tumemwona kabla? Askari wengi wa mwili wamepangwa kuuzunguka utumbo, kwa sababu hapo ndipo dunia inapoingia ndani yetu mara tatu kwa siku. Kutokana na mafunzo ya vituo hivyo mwili hutengeneza kingamwili iitwayo IgA, gramu tatu hadi tano kila siku, kuliko kingamwili nyingine zote zikijumlishwa. Inamwagwa kwenye ute, inamshika bakteria, inamfungafunga na wenzake, na choo kinawatoa. Hakuna homa wala maumivu. Mtu anaamka asubuhi, anaswali Alfajiri, anakwenda shambani, hajui kwamba usiku ameokolewa.

Hizi ni neema ambazo hatujazihesabu hata kidogo.

Ikiwa bakteria ni wengi, au ni wajanja, wanavuka. Hapo askari wanapiga mbiu. Chembe nyeupe kubwa zinazokaa chini ya ukuta zinamtambua mgeni, zinatoa kemikali za kuita msaada, na ndani ya saa chache chembe nyingine nyeupe zinafurika kutoka kwenye damu, zinawameza bakteria na kufa pamoja nao. Ndiyo maana choo cha mwenye kuhara kwa maambukizi ya namna hii mara nyingine hutoka na makamasi na usaha. Kemikali hizo hizo zinafika mpaka kwenye ubongo na kuupandisha joto mwili, kwa kuwa bakteria wengi hustawi vibaya kwenye joto la homa na askari hufanya kazi haraka zaidi. Ummus Saib alipoilaani homa mbele ya Mtume, alikatazwa asiitukane, kwa kuwa inaondoa makosa ya wanadamu. Sidai kwamba hadithi ile ilikuja kutufundisha elimu ya chembe za damu. Nasema tu kwamba aliyekatazwa kuitukana homa, leo akielezwa kazi yake na daktari, hatashangaa.

Kuhara kwenyewe mara nyingi ni mwili unaosukuma adui nje. Kipindupindu kina habari yake, nitakifikia baadaye.

Sasa kuna mmoja aliyejua kuwazidi askari akili, naye ni salmonela. Chembe nyeupe inapommeza, badala ya kufa anajifungia kwenye kifuko ndani ya tumbo la yule askari, anazaana humo, anabebwa na kusafirishwa. Wa taifodi ni mjanja zaidi: amejivika koti la sukari linalomficha asitambuliwe, kwa hiyo mbiu haipigwi mapema. Siku za mwanzo mtu anajisikia uchovu tu, kumbe bakteria wamekwisha kufika kwenye ini, bandama na uboho wa mifupa. Wanarudi utumboni kupitia nyongo, na wiki ya tatu vita inawaka pale pale kwenye vile vituo vya doria alivyovieleza Peyer, mpaka ukuta unatoboka. Msidhani nasimulia ya mbali. Mwaka 2012 madaktari wa upasuaji wa Bugando, hapo Mwanza, walichapisha taarifa ya wagonjwa 104 waliotobolewa utumbo na taifodi, watu waliofika hospitalini kutoka kanda hii hii yetu. Ukisikia mtu anaitania taifodi kuwa ni homa ya kawaida ya kila mtu, mweleze hilo.

Kumtoa salmonela kwenye maficho yake kunahitaji daraja jingine la askari, wale wanaofundishwa kumjua adui mmoja mmoja. Hao ndio wanaoiamuru chembe nyeupe imuue aliyejificha ndani yake. Lakini mafunzo yao huchukua siku, pengine wiki nzima. Katika muda huo uhai wa mgonjwa umo mikononi mwa askari wa mwanzo, na hapo ndipo wanadamu tunapoachana. Mwingine askari wake wa mwanzo wapo kamili, mwingine wana kazi nyingine, mwingine hawajazaliwa.

Mtoto mchanga tindikali yake bado ni dhaifu, wakazi wake wema ndio kwanza wanahamia, na IgA yake ni kidogo mno. Mzee tindikali yake hupungua, na anayemeza vidonge vya kupunguza gesi na vidonda vya tumbo anaipunguza zaidi. Mwenye VVU ambaye hajaanza dawa amepoteza hasa wale askari wanaotoa amri. Mtoto aliyekondeana kwa njaa hana cha kujengea ukuta mpya kila siku tatu.

Malaria tuizungumzie kwa kituo, kwa sababu ni jirani yetu. Mtoto mwenye malaria damu yake inapasuka, na mwili unalazimika kujikinga na sumu ya damu iliyopasuka. Katika kujikinga huko chembe nyeupe zinapunguziwa makali ya kuua bakteria. Salmonela ambaye kwa mtoto mzima angeishia kuwa tumbo la siku mbili, kwa huyu anapenya hadi kwenye damu. Muheza, mkoani Tanga, walilishuhudia jambo hili waziwazi: malaria iliposhuka, salmonela kwenye damu za watoto waliolazwa nayo ikashuka. Basi chandarua mnachopewa kliniki kinamlinda mtoto hata na sahani.

Na selimundu. Tanzania inahesabiwa miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wa selimundu duniani, hukadiriwa wanazaliwa wapatao 11,000 kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ina sehemu kubwa. Bandama, ambayo kazi yake ni kuchuja bakteria kwenye damu, kwa watoto hawa huharibika mapema, wengi kabla hawajaanza shule. Salmonela akiingia kwenye damu yao hukimbilia kwenye mifupa na kuiozesha. Hapa katika safu zetu wamo wazazi wenye watoto hao. Wanakuja kwenye shughuli zetu, wanaketi mkekani na wanao, wanapewa sahani ile ile.

Na mpishi mwenyewe aweza kuwa mzima na mkono wake ukaua. New York, mwaka 1907, watu wa afya waligundua mpishi aitwaye Mary Mallon. Alikuwa mwanamke mwenye afya, anayesifiwa kwa upishi wake, na karibu kila nyumba aliyopika watu waliugua taifodi. Askari wake walikuwa wamefikia suluhu na bakteria, wakawa wanaishi ndani yake bila kumdhuru huku wakitoka kwa choo. Chakula alichokipika motoni hakikuwa na taabu kubwa, maana moto uliwaua. Kilichoshukiwa ni malai baridi ya matunda mabichi aliyoyakata kwa mikono yake. Walimtenga, wakamwachia mwaka 1910 kwa sharti asipike tena. Mwaka 1915 wakamkuta jikoni, kwenye hospitali ya wazazi, kwa jina jingine, watu 25 wameugua na wawili wamekufa. Hakuamini mpaka mwisho kwamba ni yeye, kwa sababu alikuwa hajisikii kuumwa. Namhurumia mama huyu, alikuwa maskini na upishi ndio uliokuwa mkate wake. Lakini afya yake ilimtosha yeye peke yake, haikuwatosha wanawe wa mezani.

Kwa hiyo njoo tutazame shughuli zetu. Alfajiri anaangushwa ng'ombe. Anachinjwa kwa bismillahi, vizuri. Vijana wanamchuna juu ya majani ya migomba au karatasi la nailoni. Mmoja anapasua tumbo, utumbo unamwagika, kisu kinapita kwenye kilichomo, anakifuta kwa jani, anaendelea kukata mnofu. Nyama hiyo itachemka saa mbili, haina neno. Saa nne asubuhi anakuja mama mmoja anauliza, jamani kisu kikali kiko wapi, kile cha jikoni hakikati. Anapewa kile kile. Anakisuuza kwenye beseni lililokwisha kusuuzia mikono ya watu kumi, anakata nyanya, anakata vitunguu, anakata pilipili hoho, anakamulia ndimu, kachumbari hiyo. Haipiti motoni. Inakaa juani mpaka saa nane ikisubiri wageni wa kutoka Lamadi. Mimi naiogopa kachumbari ile kuliko nyama yote ya ng'ombe. Bismillahi inaihalalisha nyama, haiondoi mavi kwenye kisu. Mola alipotuamrisha kula katika Suratul Baqara alitaja cha halali na kilicho kizuri, viwili kwa pamoja, na sisi tumekishika kimoja.

Na ule wali unaobaki. Bakteria wengi wa tumbo kwenye uvuguvugu huzaana kila baada ya dakika kama ishirini. Mmoja, baada ya saa moja, ni wanane. Baada ya saa nne ni zaidi ya elfu nne. Sufuria kubwa la pilau likiepuliwa saa moja usiku na kufunikwa, katikati yake uvuguvugu hautoki hadi asubuhi. Wanaamshwa watoto, wanapakuliwa kiporo bila kupashwa, au kimepashwa juu juu tu. Tumbo la baba lililozoea litawamudu wengine, la mdogo halitawamudu. Kiporo si haramu. Kigawe kwenye masinia mapana kipoe upesi, na asubuhi kipashwe mpaka mvuke utoke katikati, uonekane kwa macho.

Nije kwenye kipindupindu. Kilipita nchi nzima kuanzia Agosti 2015, kikianzia Dar es Salaam, na mwanzoni mwa 2024 kiliingia mkoa wetu wa Simiyu pamoja na mikoa jirani ya ziwa. Huyu bakteria havuki ukuta wala hachomi homa. Anakaa juu ya ute na kutoa sumu inayozifungua seli zitapike maji, lita kwa lita, ili choo kimsambaze kwa watu wengine. Huko kuhara si kazi ya askari, ni kazi ya adui. Askari bado hawajajua wapigane na nini, na mtu anaweza kufa ndani ya saa chache kwa kuishiwa maji tu. Aliyepona hubaki na kumbukumbu ya IgA inayomlinda kwa miaka kadhaa. Hilo ndilo wanalotumia wenye chanjo. Zanzibar mwaka 2009 waliwanywesha watu chanjo ya kipindupindu, Unguja na Pemba, dozi mbili, na ilipokuja kupimwa ilionekana imewakinga waliokunywa kwa karibu asilimia 79. Jambo lililonigusa ni kwamba hata wasiokunywa walipata nafuu, katika maeneo ambayo majirani zao wengi walikunywa. Jirani amekunywa, na wewe umepumzika! Kwa hiyo siku chanjo itakapoletwa na watu wa afya hapa kwetu, nisisikie maneno ya vijiweni.

Mtume alikataza kujisaidia kwenye njia ya maji, njiani na kwenye vivuli wanapopumzika watu, akayaita mambo yanayoleta laana. Tunayo ghuba ya ziwa hapa chini, watu wanateka maji, wanaoga, wanasafisha samaki, wanaanika dagaa mchangani. Anayekwenda kujisaidia vichakani hapo mwaloni, mvua ya masika inamrudishia kwenye ndoo. Dagaa waanikwe kwenye chanja, wasilale chini. Hili wavuvi mnalijua, mnaambiwa na maafisa kila mwaka kwa ajili ya bei. Mimi nawaambia kwa ajili ya mtoto wa jirani yako.

Hapo ndipo mtu ananiambia, sheikh, ajali haikimbiliki, lililoandikwa limeandikwa. Nami namjibu kwa Umar bin Khattab. Alikuwa njiani kwenda Sham, akafika Sargh, akaambiwa tauni imeingia mbele. Akaamua kurudi na watu. Abu Ubayda akamuuliza, je, unakimbia kadari ya Allah? Umar akajibu kwamba anatoka kwenye kadari ya Allah anakwenda kwenye kadari ya Allah. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf na hadithi ya Mtume kwamba nchi yenye tauni isiingiwe, na aliyemo asiikimbie, na Umar akamhimidi Mola kwa kuwa ameafikiana nayo. Sabuni ni kadari. Maji yaliyochemka ni kadari. Mtume huyo huyo alituamrisha tufunike vyombo usiku, na anayeamka asitumbukize mkono chomboni kabla ya kuuosha mara tatu, miaka zaidi ya elfu moja kabla mtu hajaona bakteria kwa darubini.

Mama zangu, mayu, nimewawekea neno lenu, na kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote niliyosema. Suratul Baqara imetaja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha. Sikilizeni jinsi Mola alivyopanga. Mama anakula chakula cha ua wake, anakunywa maji ya kisima chake, na vituo vya doria vya utumbo wake vinawatambua bakteria wa ua ule ule. Baadhi ya askari waliofundishwa pale husafiri kwa damu mpaka kwenye matiti, na huko wanatoa IgA ndani ya maziwa, dhidi ya wale wale bakteria ambao mtoto atakutana nao akianza kutambaa hapo uani. Hakuna kopo la maziwa la dukani linalojua mtoto wako anaishi Nassa. Ziwa la mama linajua. Kwa hiyo miezi sita ya mwanzo ziwa peke yake, msimwongezee maji wala uji mwepesi, hata bibi akisema koo linamkauka. Baada ya hapo uji upikwe wa kuliwa wakati ule, usiwekwe kwenye chupa tangu asubuhi mpaka jioni.

Mtoto akihara, msimnyime ziwa na msimnyime maji. Chukueni ORS zahanati na vidonge vya zinki. ORS ikikosekana, lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi kilichosawazishwa, basi. Anyweshwe kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, subirini dakika kumi, muanze tena. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi wa Bangladesh waliokimbilia India, chupa za dripu ziliisha, na daktari Dilip Mahalanabis akawanywesha wagonjwa wa kipindupindu maji ya chumvi na sukari. Vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 vikashuka chini ya asilimia nne. Maji hayo hayamuui bakteria hata mmoja. Yanampa mgonjwa muda mpaka askari wake wafike. Lakini akihara damu, akiwa na homa kali, macho yakidumbukia, au akishindwa kunywa, msikae na mtoto nyumbani mkijadiliana, mpelekeni zahanati saa hiyo hiyo. Na wa selimundu mwenye homa asisubiri hata usiku upite.

Nimesikia Jumamosi ijayo kuna hitima kwa mzee wetu, na watu watakuwa wengi. Baada ya swala naomba wanaohusika na jiko, wanaume kwa wanawake, tubaki dakika chache hapo chini ya mti. Nataka tujue nani ataleta kisu cha pili na ubao wa pili ambavyo havitaigusa nyama mbichi, nani atasimamia pipa la maji yenye bomba na sabuni pale watu wanapotoka chooni, na nani atachemsha maji ya kunywa siku ya Ijumaa ili yawe yamepoa. Aliyehara wiki hii abebe viti, asiguse chakula, na asione haya kusema. Kachumbari ikatwe mwisho kabisa, wageni wakiwa wamekwisha kuketi. Sahani za watoto na za wazee zipakuliwe kwanza, chakula kikiwa bado kinatoka moshi.

Mola awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia. Sawazisheni safu.